Maswali ya Wasomaji: Baa ya Kijijini Uingereza, Malalamiko ya Haki na Yasiyo ya Haki

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wetu walioko Uingereza watuandikie wanavyoziona baa za vijijini: zile nyumba kongwe zenye dari la chini, moto wa kuni, na kibao cha jina, kama vile Red Lion au Royal Oak, kinachoning'inia nje. Barua zimekuja, na nyingi ni malalamiko. Baadhi ni ya haki na mtu asikubali kunyamazishwa. Mengine yanatokana na kuipima baa ya kijiji kwa kipimo cha hoteli ya mjini, na hapo mwenye baa anaonewa. Tumejitahidi kutenganisha haya na yale.

BIA YA MOTO, HAINA GESI

Swali: Baa ya kijijini kwetu inasifiwa na kila mtu, lakini bia niliyopewa ilikuwa ya moto na haina gesi. Nikaandika mtandaoni kwamba hawana friji. Mume wangu anasema nimewaonea. Nani ana haki?
– Dada wa Northampton

Jibu: Dada, safari hii mumeo ana haki. Kama bia ilivutwa kwa ile pampu ya mkono yenye mpini mrefu, ulipewa bia ya pipa, na hiyo haikusudiwi kuwa baridi kama ya chupa ya nyumbani. Inauzwa ikiwa nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Laga inayotoka kwenye bomba dogo la chuma ni kitu kingine: imechujwa, imepozwa karibu na nyuzi 3 hadi 5, na inasukumwa na gesi ya mtungi. Bia ya pipa haichujwi wala haisukumwi. Hamira iko hai ndani yake, inaendelea kuchachusha kama ilivyo kwa mbege au busaa, na ile gesi kidogo inayochezacheza ulimini imetokana na hamira hiyo. Ukiipoza mno, ladha ya kimea na hopsi (maua machungu yanayotiwa kwenye bia) inajificha na bia yenyewe inaweza kuingia ukungu, yaani kuwa na wingu, si kuvu.

Kazi kubwa ya baa hizi inafanyika chini ya sakafu, kwenye chumba cha mapipa. Pipa la kawaida, waliitalo firkin, lina galoni 9, yaani karibu lita 41 au pinti 72. Linalazwa juu ya fremu na halitikiswi tena. Mwenye baa anachomeka juu yake kijiti laini kinachopitisha hewa, ili gesi iliyozidi itoke. Povu likishaacha kufurika, anakitoa na kuweka kijiti kigumu ili gesi iliyobaki isipotee. Kisha anasubiri siku moja hadi mbili machicha ya hamira yazame. Kwa kawaida kinachoyazamisha ni maji yaliyotengenezwa kwa mabondo ya samaki yaliyokaushwa. Asiyekula kitu chochote cha mnyama aulize kama kuna bia isiyotiwa mabondo. Huenda ikawa na ukungu, lakini si mbovu.

Pipa likishafunguliwa, kila pinti inayotoka nafasi yake inajazwa na hewa. Siku 3 ladha inakuwa salama. Baada ya hapo bia inalala, halafu inageuka siki. Hebu piga hesabu: pinti 72 kwa siku 3 ni pinti 24 kila siku kwa pipa moja. Baa yenye pampu 6 inatakiwa iuze pinti 144 za bia ya pipa kila siku ili zote zibaki nzima. Katika kijiji chenye nyumba 80, siku ya Jumanne, nani atazinywa? Ndiyo maana baa ya kijiji yenye pampu 2 tunaiamini zaidi ya ile yenye safu ndefu ya kujionyesha. Na ukiona kibao cha jina la bia kwenye pampu kimegeuzwa kitazame nyuma, pipa hilo limekwisha au bado halijatulia. Hilo ni jambo jema, mwenye baa hataki kukuuzia kisichofaa.

Sasa makosa ya kweli. Bia inayonuka siki imechacha, basi. Inayonukia siagi haikumaliza kuchachuka vizuri, au mirija haikusafishwa. Mirija inatakiwa ioshwe kwa dawa kila siku 7. Yenye ladha ya boksi lililolowa imepigwa na hewa. Yenye ukungu mzito na chembe zinazoelea, wakati jana ilikuwa safi, ni ya mwisho wa pipa na wamekuvutia machicha. Ikiwa ya moto hasa, zaidi ya nyuzi 14, pengine wewe ndiye mteja wa kwanza wa siku na umepewa bia iliyolala usiku kucha ndani ya mrija. Mhudumu mwangalifu huivuta akaimwaga kabla ya kumhudumia mtu. Ila harufu hafifu ya mayai kwenye bia za Burton upon Trent si kosa. Maji ya mji ule yana jasi nyingi, na wanaoipenda bia hiyo huitafuta harufu hiyohiyo.

Kurudisha bia mbovu si aibu wala ugomvi. Onja mara moja au mbili, si zaidi. Nenda nayo kaunta ingali karibu kujaa, mwambie mhudumu kwa sauti ya kawaida kwamba unahisi imechacha, na umwombe aionje au ainuse. Sheria ya haki za walaji ya 2015 inataka kitu kinachouzwa kiwe cha ubora wa kuridhisha, na bia imo. Baa inayojiheshimu itakubadilishia bila mjadala na kwenda kulitazama pipa. Inayokujibu kwamba wengine wote wanainywa na hawalalamiki, hiyo iandike mtandaoni bila kusita. Na kama hujui utapenda ipi, omba kuonja kabla ya kununua. Kwa bia ya pipa ni kawaida kupewa funda moja bure.

PINTI ILIYOJAA POVU

Swali: Nimelipia pinti, robo nzima ni povu. Nikilalamika naonekana bahili?
– Msomaji, Leeds

Jibu: Huonekani bahili hata kidogo. Pinti ni mililita 568. Mwongozo wa wenye biashara unasema povu likishatulia, bia yenyewe isipungue asilimia 95, yaani kama mililita 540, na mteja akiomba kuongezewa aongezewe kwa uso mkunjufu. Robo ya povu haikubaliki popote. Isogeze glasi kaunta, uombe ijazwe.

Angalia pia glasi yenyewe. Ziko za aina mbili: ile ambayo pinti ni hadi ukingoni kabisa, na ile kubwa kidogo iliyochorwa mstari. Kwenye ya mstari, bia inatakiwa ifike kwenye mstari na povu likae juu yake, kwa hiyo hapo hakuna ubishi. Huko kwenu Yorkshire wanapenda povu zito, na wanafunga kichwa kidogo chenye matundu kwenye mdomo wa bomba ili kulitengeneza. Kusini wengi hawakitaki. Ukiomba kitolewe, mhudumu anakifungua kwa vidole, sekunde chache tu.

Tukiwa kwenye vipimo: pombe kali kama jini na wiski hutolewa mililita 25 au 35 na mafungu yake, yaani mara mbili au mara tatu yake, na baa lazima ibandike tangazo la kipimo chake. Mvinyo ni 125 au 175 na mafungu yake. Ukisema tu "glasi ya mvinyo", mara nyingi utamiminiwa 175 au 250, na bili itakushtua. Tangu 2010, baa za Uingereza yenyewe (England) na Wales zinatakiwa kuwa nayo ile ya 125. Iombe.

NUSU SAA MEZANI, HAKUNA ALIYEKUJA

Swali: Tulikaa na wazazi waliokuja kututembelea kutoka Tanga, hakuna mhudumu aliyetusogelea. Wazungu waliokuja nyuma yetu wakahudumiwa. Je, ni ubaguzi?
– Mama Watoto, Reading

Jibu: Pole, mama, na wazazi wetu shikamoo zao. Hatuwezi kusema ubaguzi haupo. Upo, na ukiuona uutaje. Lakini kwa namna ulivyoeleza, sababu ya kwanza kuitafuta ni hii: kwenye baa ya jadi mhudumu haji mezani. Wale waliokuja nyuma yenu walikwenda kaunta.

Utaratibu wake ni mwepesi. Shika meza kwanza, acha mtu mmoja aikalie, na uangalie kama ina namba. Mmoja wenu aende kaunta. Foleni haionekani kwa macho, ila ipo: kila mtu anajua nani alitangulia, na mhudumu anajua pia. Simama wazi kwenye kaunta, mtazame mhudumu, subiri. Usipige makofi, usipige mluzi, usipunge noti. Akikuuliza wewe kabla ya aliyekutangulia, mwelekeze kwa huyo. Kitendo hicho kidogo kitakupa heshima kijiji kizima. Agiza vinywaji vyote kwa pamoja, si kimojakimoja, na kama kuna pinti ya Guinness itaje kwanza, maana humiminwa mara mbili na katikati huachwa itulie. Chakula nacho huagizwa hapohapo kwa kutaja namba ya meza. Unalipa papo hapo, au unaacha kadi hadi mwisho.

Kama baa ina chumba cha kulia kilichotandikwa vitambaa, hapo mhudumu huja, na bakshishi ya kama asilimia 10 ni ya kawaida iwapo bili haijaiingiza. Kaunta hapatolewi bakshishi kwa kila kinywaji. Mtu akifurahi humwambia mhudumu ajikatie chake kimoja kwenye bili hiyo. Tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi yote, asimege kitu.

Kengele ikigongwa usiku, karibu na saa ya kufunga, ni tangazo la kuagiza mara ya mwisho. Ikigongwa tena, kaunta imefungwa na mnapewa muda wa kumaliza kilichopo.

JIKO LIMEFUNGWA SAA NANE NA DAKIKA TANO

Swali: Tumeendesha gari saa nzima, tumefika saa nane na dakika tano mchana, tukaambiwa jiko limefungwa wakati baa iko wazi na watu wanakula! Nimewapa nyota moja.
– Msomaji, Milton Keynes

Jibu: Kaka, tunaelewa njaa yako, lakini nyota hiyo tungekushauri uirekebishe. Saa za baa na saa za jiko ni vitu viwili. Baa nyingi za vijijini zina mpishi mmoja na msaidizi. Anaingia saa nne asubuhi, anapika chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi saa nane au nane na nusu, anaosha, anapumzika, na anarudi kwa ajili ya saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Akipokea oda ya saa nane na dakika tano, hatoki jikoni kabla ya saa tisa, na mapumziko yake yameliwa. Wale uliowaona wakila waliagiza saa saba na nusu. Jumatatu, na pengine Jumanne, jiko halifunguliwi kabisa kwa sababu mpishi naye hana budi kupumzika. Piga simu kabla ya kuwasha gari, na uulize saa ya mwisho ya kuagiza chakula, usiulize wanafunga saa ngapi.

Jumapili ina mambo yake, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu chakula hiki kinastahili. Ni nyama kubwa ya kuokwa, ng'ombe, kondoo, kuku au kitimoto, pamoja na viazi vya kuokwa, mboga za majani, mchuzi mzito, na Yorkshire pudding. Hii ya mwisho ni uji mwepesi wa unga, mayai na maziwa uliomiminwa kwenye mafuta yanayofuka moshi, ndani ya oveni ya nyuzi 220 hivi. Unapanda kama bakuli, na oveni ikifunguliwa mapema unasinyaa. Nyama inaingia ovenini asubuhi, idadi ya sahani imeshahesabiwa, na hakuna njia ya kuoka nyingine katikati ya mchana. Anayefika saa sita na nusu anakatiwa katikati ya nyama, ingali na maji yake. Anayefika saa tisa anapata iliyowekwa kwenye joto kwa muda mrefu, imekauka, na viazi vimelegea. Malalamiko mengi tuliyoyasoma ya nyama ngumu ya Jumapili, ukitazama saa, ni ya alasiri. Weka nafasi siku kadhaa kabla, uombe saa sita hadi saa saba.

Na menyu fupi isikuogopeshe. Baa ya The Bell Inn iliyoko Aldworth, Berkshire, imekuwa mikononi mwa familia moja kwa zaidi ya miaka 250, na chakula inachosifiwa nacho ni mikate midogo ya moto yenye kitu ndani. Chama cha wapenzi wa bia ya pipa, CAMRA, kilichoanzishwa 1971, kimeitangaza baa bora ya taifa mara mbili, kwa 1990 na 2019. Menyu yenye vyakula 40 katika baa yenye mpishi mmoja maana yake ni friza na maikrowevu.

MWISLAMU KWENYE BAA

Swali: Ofisini wananialika baa ya kijijini kumuaga mwenzetu. Sinywi, na sili nyama isiyochinjwa. Niende? Nikienda niagize nini?
– Msomaji, Peterborough

Jibu: Kwenda au kutokwenda ni baina yako na dini yako, ndugu yetu, na wapo wasiotaka hata kukaa palipo na pombe, hilo hatuligusi. Ukiamua kwenda, jua kwamba asiyekunywa si kioja tena kwenye baa hizi. Wapo madereva, wajawazito na wanaojipumzisha tu, na chai au kahawa inapatikana karibu kila mahali. Maji ya bomba ni bure kisheria ukiyaomba.

Tahadhari ziko kwenye majina. "Cider" kwa Mwingereza ni pombe ya tufaha, aghalabu asilimia 4 hadi 6, si juisi. "Shandy" ni bia iliyochanganywa na soda. "Ginger beer" mara nyingi ni soda ya tangawizi, lakini iko na ya pombe, kwa hiyo uliza chupa ionyeshwe. Soda yenye maji ya ndimu ni salama na rahisi, ila ukisikia wameitonesha "bitters" waambie hapana: Angostura, ambayo ni mojawapo, ina pombe asilimia 44.7. Bia za "zero" zina tofauti; nyingine ni 0.0 na nyingine ni 0.5, na namba imeandikwa kwenye lebo.

Kwenye chakula ndipo pombe na nguruwe vinapojificha. Samaki wa kukaanga mara nyingi amechovywa kwenye unga uliokorogwa kwa bia. Pai iliyoandikwa "ale" ina bia, na kupikwa hakuiondoi yote. Kome hupikwa kwa mvinyo au "cider". Mchuzi mzito unaweza kuwa na mvinyo. Viazi vya kuokwa hutiwa mafuta ya bata bukini, ya ng'ombe au ya nguruwe, na Yorkshire pudding vilevile. Chipsi zinaweza kukaangwa kwenye mafuta yaleyale ya soseji. "Black pudding" ni soseji ya damu, na "pork scratchings", vile vipakiti vya kaunta vinavyofanana na krispi, ni ngozi ya kitimoto. Nyama, isipoandikwa halali, ichukulie si halali.

Kinachobaki si kidogo. Kiazi kizima kilichookwa na ganda lake, chenye jibini na maharage, ndicho chakula salama kuliko vyote. Sahani ya jibini, mkate na vitunguu vya siki ni nzuri, ukisema wasiweke hemu. Samaki wa kuchomwa, ukiuliza sosi yake. Jumapili kuna mkate wa karanga na mboga kwa wasiokula nyama, wenye mchuzi wake. Usimuulize mhudumu "ni halali?", pengine hajui aanzie wapi. Uliza kitu kimojakimoja: kuna bia ndani? Kuna mvinyo? Kimekaangwa kwa mafuta gani? Jiko limezoea maswali ya namna hii, kwa sababu sheria inawataka waweze kukueleza kuhusu vyakula 14 vinavyodhuru baadhi ya watu.

Jambo la mwisho ni raundi. Wenzako watanunua kwa zamu, kila mtu akiwanunulia wote. Kama hutaki kununua pombe, sema mapema kabla ya raundi ya kwanza kwamba unajilipia mwenyewe, na ukipenda wanunulie wote krispi au sahani ya chipsi. Kinachoudhi ni mtu kupokea raundi tatu halafu zamu yake ikifika akaenda msalani.

WATOTO

Swali: Je, tunaruhusiwa kuingia na watoto?
– Msomaji, Swindon

Jibu: Kwa sheria ya England na Wales, aliye chini ya miaka 16 anaingia akiwa na mtu mzima. Wa miaka 16 au 17 anaweza kunywa bia, mvinyo au "cider" akiwa anakula mlo mezani, mtu mzima yupo naye, na mtu mzima huyo ndiye aliyenunua. Lakini kila baa ina haki ya kuweka masharti yake, na nyingi huwataka watoto waondoke saa mbili au saa tatu usiku. Kijana wenu wa miaka 22 asichukie akiombwa kitambulisho. Wahudumu wengi wameagizwa kumuuliza yeyote anayeonekana chini ya miaka 25, na kumuuzia mtoto pombe ni kosa la jinai kwa mhudumu mwenyewe.

Mbwa? Ndiyo, watakuwepo, wamelala karibu na moto. Anayewaogopa au asiyetaka mate yao aombe meza kwenye chumba cha kulia, ambako mara nyingi hawaruhusiwi.

BIA ZA KAMPUNI MOJA TU

Swali: Mbona baa yetu inauza bia za kampuni moja tu? Ni uvivu?
– Msomaji, Bury St Edmunds

Jibu: Ni mkataba. Baa nyingi ni mali ya kampuni ya bia au kampuni ya majengo, na mpangaji anabanwa anunue bia kwao, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko soko. Ukiona imeandikwa "Free House", mwenyewe anachagua. Mlaumu mpangaji kwa mirija michafu. Kwa orodha fupi ya bia usimlaumu.

JINSI YA KUANDIKA NA KUSOMA MAONI

Swali: Nikitaka kuchagua baa ya kuwapeleka wageni, nisome vipi maoni ya mtandaoni? Baa moja ina nyota tano na nyota moja siku hiyohiyo.
– Msomaji, Coventry

Jibu: Anza na tarehe. Baa za vijijini hubadilisha wapangaji mara kwa mara, na mpangaji akiondoka mpishi huondoka naye. Maoni ya kabla ya mabadiliko hayo ni ya baa nyingine iliyokuwa kwenye jengo hilo. Kisha soma zile za nyota tatu, kwa kuwa anayetoa tatu huwa amepima. Tafuta lalamiko moja linalorudiwa na watu tofauti kwa miezi tofauti: vyoo vichafu mara nne si bahati mbaya. Puuza maoni ya maegesho na mvua. Soma mwenye baa anavyojibu. Anayeomba radhi na kueleza alichorekebisha ni tofauti na anayemtukana mteja. Mwisho tazama alama ya usafi wa jiko, 0 hadi 5, inayotolewa na wakaguzi wa halmashauri. Wales lazima ibandikwe mlangoni. England si lazima, lakini zote zimo kwenye tovuti ya Food Standards Agency. Kibandiko kikikosekana mlangoni, iangalie huko kabla ya kuagiza.

Kuandika nako kuna haki yake. Kama kuna kasoro, iseme palepale kwanza, kwa sababu sahani baridi inaweza kupashwa leo, si kesho kutwa. Ukiandika, taja siku na saa, ulichoagiza, bei, kilichoharibika, na walichofanya ulipowaambia. "Chakula kibaya" haimsaidii mtu. "Jumamosi saa moja usiku, pai ilikuwa ya moto pembeni na ya baridi katikati, wakaibadilisha baada ya dakika kumi" inamsaidia mpishi na inamsaidia mteja ajaye. Usimtaje mhudumu kwa jina wala kwa umbo lake. Kijijini kila mtu atamjua, na mara nyingi ni binti wa miaka 18 kwenye kazi yake ya kwanza. Na ukiahidiwa pinti ya bure ili uandike sifa, kataa. Tangu tarehe 6 Aprili 2025 maoni ya uongo na yale ya kulipwa yanayofichwa yamepigwa marufuku kwa biashara.

Kwa bia ya pipa peke yake, CAMRA ina alama zake: 0 ni hakuna bia ya pipa, 1 mbovu, 2 ya kawaida, 3 nzuri, 4 nzuri sana, 5 kamilifu, na nusu zinaruhusiwa. Tano itoe kwa nadra.

BAA YETU INAUZWA

Swali: Baa pekee ya kijiji inauzwa na tunasikia itageuzwa nyumba za kuishi. Mimi ni Mkenya, naishi hapa miaka mingi. Je, nina la kufanya, au ni shughuli ya wenyeji?
– Msomaji, Shropshire

Jibu: Unalo, na tunafurahi umeuliza. Sheria ya 2011 inawaruhusu wakazi wa England kuomba halmashauri iiandikishe baa kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Kikundi kisichosajiliwa kinahitaji watu wasiopungua 21 walioandikishwa kupiga kura katika eneo hilo. Wewe Mkenya, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola unayeishi huko kihalali, unaweza kuandikishwa kupiga kura, na hivyo unahesabiwa kati ya hao 21. Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda vilevile. Mrundi na Mkongomani, wasipokuwa na uraia mwingine unaowaruhusu, hapana, ingawa michango yao na mikono yao inapokelewa.

Baa ikishaorodheshwa, hukaa kwenye orodha miaka 5. Kwa utaratibu wa sheria hiyo, mwenyewe akitaka kuuza lazima aijulishe halmashauri. Kikundi kina wiki 6 za kusema kinataka kununua, na kikisema hivyo mauzo yanasimama hadi miezi 6 itimie tangu alipotoa taarifa. Halazimishwi kuwauzia ninyi, kwa hiyo miezi hiyo ni ya kutafuta fedha, si ya kusherehekea. Kuhusu nyumba za kuishi, tangu Mei 2017 kuibomoa au kuigeuza baa ya England kunahitaji kibali cha mipango. Fuatilia maombi kwenye tovuti ya halmashauri kila wiki, na likitokea, kila mkazi aandike pingamizi lake kwa maneno yake mwenyewe.

Wapo waliofanikiwa. The Old Crown ya Hesket Newmarket, Cumbria, ilinunuliwa na ushirika wa wakazi na wapenzi wake mwaka 2003 na inamilikiwa kwa hisa. Nyingine zimeweka duka dogo au huduma za posta ndani ya baa ili mlango upate watu asubuhi, na taasisi ya Pub is The Hub inashauri kwa kazi hiyohiyo. Anzeni na orodha ya majina 21 na anwani zao kama zilivyo kwenye daftari la wapiga kura. Jina likikosewa, halmashauri inaweza kulikataa, kwa hiyo pelekeni 30.